Nina mimba na UE ni mwisho wa Juni: nifanyeje nisipoteze chuo?

SWALI: Shikamoo mama. Nina miaka 21, nasoma mwaka wa pili wa shahada ya ualimu kwenye chuo kikuu kimoja hapa Dodoma, kwa mkopo wa Bodi ya Mikopo. Kwetu ni Iringa. Desemba nilipima nikakuta nina mimba. Altrasaundi niliyofanya wiki hii, mwanzoni mwa Januari, imesema wiki 14, na tarehe ya makadirio ni 11 Julai. UE, yaani mitihani ya mwisho ya chuo, ya semista ya pili inaanza mwisho wa Juni, tukimaliza tunakwenda fildi ya kufundisha. Mwenzangu yuko mwaka wa tatu hapahapa chuoni. Mimba hajaikana, ila kila nikimuuliza anasema tusubiri. Nyumbani hawajui. Wasichana wa chumbani wamegawanyika: mmoja anasema nivae madera nifiche mpaka mwisho, mwingine anasema niondoke kimya nirudi mwakani kabla chuo hakijanifukuza. Nifanyeje nisipoteze chuo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nianze na huyo anayekwambia uondoke kimya, maana ushauri wake ndio wa hatari kuliko yote. Nimekaa miaka mingi katika ofisi ya ushauri wa wanafunzi, na wasichana niliowaona wakipoteza shahada baada ya kupata mimba ni wale walioondoka bila karatasi. Mimba iliwaondoa chuoni kwa miezi michache tu. Kilichowafutia usajili ni kutoonekana kwenye mitihani bila kibali. Kwa msajili, binti aliyekwenda kujifungua bila kuaga na kijana aliyetoroka kwenda kuuza simu Kariakoo hawana tofauti, wote ni majina yasiyo na alama. Mwaka unaofuata anarudi na mtoto mgongoni, anaambiwa alishadisko, yaani ameondolewa masomoni, aombe upya kama wanaotoka kidato cha sita.

Hofu ya kufukuzwa naijua inakotoka. Mmekulia kwenye shule ambazo msichana alipimwa mimba akiwa amepanga mstari. Kanuni za mwaka 2002 ziliziruhusu shule kumfukuza mwanafunzi kwa kosa la maadili, na mimba ikaingizwa humo. Mwaka 2017 Rais Magufuli akatamka hadharani kwamba aliyezaa hatarudi kwenye shule ya serikali. Ni tarehe 24 Novemba 2021 ndipo Profesa Ndalichako, akiwa Waziri wa Elimu, alipotangaza kwamba waliokatisha masomo kwa ujauzito warudi darasani. Lakini yote hayo yalihusu shule za msingi na sekondari. Wewe ni mtu mzima uliyesajiliwa chuo kikuu. Hata ile habari ya “miaka thelathini jela”, ambayo bila shaka mtu ameshamtishia nayo mwenzako, ni ya kifungu cha 60A kilichoingizwa kwenye Sheria ya Elimu mwaka 2016, nacho kinamlinda mwanafunzi wa msingi na sekondari. Mtoe hofu hiyo. Atakuwa na mengine ya kuhangaikia.

Kitu kimoja ukihakiki mwenyewe: kanuni za wanafunzi ulizosaini siku ya usajili. Vyuo vichache, hasa vinavyomilikiwa na taasisi za dini, vina vifungu vyao vya mwenendo. Soma kabla hujaingia ofisi yoyote, ujue unakwenda kuomba nini na kwa kifungu gani.

Sasa chukua almanaka ya chuo na kalamu. Ukiwa na wiki 14 leo, mitihani ya semista ya kwanza katikati ya Februari itakukuta kwenye wiki ya 19 hivi. Hiyo fanya yote. Kwa wanawake wengi kichefuchefu kinakuwa kimetulia na tumbo halijawa zito. Usiache hata karatasi moja kwa sababu ya aibu. Kila somo utakalofaulu Februari ni somo ambalo hutadaiwa ukiwa na mtoto mkononi.

Mjadala uko kwenye semista ya pili. Mimba huhesabiwa imetimia ikifika wiki 37, na kwako hiyo ni karibu tarehe 20 Juni. Tangu siku hiyo mpaka wiki mbili baada ya 11 Julai uchungu unaweza kuanza saa yoyote, na watoto wachache sana huzaliwa siku ileile iliyoandikwa kwenye kadi. UE yako yote imo ndani ya kipindi hicho. Ndiyo maana shauri la madera linanitia wasiwasi hata kuliko linavyomtia wasiwasi huyo aliyelitoa. Tuseme umefaulu kuficha, ukaingia chumba cha mtihani, karatasi ya tatu uchungu ukakushika. Karatasi mbili ulizofanya kwa shida zinabaki na alama zake, nzuri au mbaya. Zilizobaki huna kibali cha kutozifanya, kwa sababu hukumwambia mtu.

Wengi hukimbilia kuahirisha semista nzima. Ni haki yako, na ikitokea presha imepanda au daktari amekulaza, fanya hivyo bila kusita. Ila ujue gharama yake. Masomo ya semista ya pili kwa kawaida hufundishwa semista ya pili tu, kwa hiyo anayeahirisha Machi harudi Oktoba, anangoja Machi nyingine. Anayedhani amepoteza miezi minne anakuta amepoteza mwaka.

Kwa mimba inayokwenda vizuri, mimi ningekupeleka njia ya tatu: soma semista ya pili, kusanya alama zako zote za majaribio na kazi za semina, kisha uombe kuahirisha mitihani ya mwisho peke yake, uifanye Septemba wakati wenzako wa sapu wanafanya zao. Vyuo vyetu huita hiyo mitihani maalumu. Usiichanganye na sapu. Mwenye sapu alishafeli, na vyuo vingi humwekea ukomo wa daraja, hata apate ngapi anaishia C. Mtihani maalumu ni mtihani wa kwanza uliosogezwa, unapata daraja lako kamili, na alama za semista zinabaki palepale. Mtoto atakuwa na wiki nane mpaka kumi. Haitakuwa rahisi, sikudanganyi, ila utaingia mwaka wa tatu na darasa lako.

Kitakachobaki ni fildi. Julai na Agosti huwezi kusimama mbele ya kidato cha pili kwa wiki nane. Hiyo lazima isogezwe, na hapa ndipo unapoweza kulipa. Kama chuo kitakupangia uifanye baada ya mwaka wa tatu pamoja na nyingine, huenda wenzako wakavaa joho mbele yako. Muulize mratibu wa mazoezi ya kufundisha mapema kama una nafasi ya kuifanya kwa wakati mwingine, hata kwenye shule iliyo karibu na nyumbani Iringa. Wako waratibu wanaokubali. Wanachokataa ni mtu anayewafuata wiki ya kupanga shule.

Barua sasa. Usiende kuongea tu, hata kama Mshauri wa Wanafunzi ni mama mwenye huruma na chai kaweka mezani. Maneno ya ofisini hayaingii kwenye faili. Mwanzoni mwa Machi mwone ana kwa ana umweleze hali, ili ajue. Baada ya hapo peleka barua kwa msajili au mkurugenzi wa taaluma, kupitia kwa mkuu wa idara yako. Iwe fupi: jina, namba ya usajili, programu na mwaka, kwamba unatarajia kujifungua karibu 11 Julai, kwamba utasoma semista ya pili yote, kwamba unaomba mitihani ya mwisho uifanye kwenye kipindi cha mitihani maalumu, na mazoezi ya kufundisha yasogezwe. Ambatisha nakala ya kadi ya kliniki na barua ya daktari au mkunga. Usiandike historia ya mapenzi yenu wala kuomba msamaha. Hakuna kosa linalojadiliwa pale. Toa nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Vyuo vingi vina tarehe ya mwisho ya kupokea maombi ya kuahirisha, na huwa ni kabla mitihani haijaanza. Itafute kwenye kanuni za mitihani, uiandike ukutani.

Jibu likija, lisome. “Ombi lako limepokelewa” si kibali. Kibali kinataja masomo na kipindi.

Ukiwa na kibali, nenda kwa afisa mikopo wa chuo. Watu wengi hukosea kudhani Bodi inajua kila kitu kinachotokea chuoni. Bodi inajua kile chuo kinachoiletea. Anayesogeza mitihani anabaki mwanafunzi aliyesajiliwa, tofauti na aliyeahirisha mwaka, ambaye fedha zake husimama mpaka arudi na chuo kithibitishe kurudi kwake. Mweleze afisa mikopo kwamba fildi ya mwaka huu hufanyi, ili fedha yake isitoke kwa jina lako bila kazi. Na usisaini bumu, hiyo fedha ya kujikimu ya mkopo, la kipindi ambacho hauko chuoni kwa kuwa tu simu imekuletea ujumbe. Deni ni lako, na maelezo utatakiwa kuyatoa wewe. Kingine: matokeo ya Septemba huchelewa kuingia kwenye mfumo, na mwaka wa tatu fedha hufuata matokeo. Novemba inaweza kukukuta na mtoto wa miezi minne bila bumu la kwanza. Kuanzia sasa tenga kidogo kwenye kila awamu kwa ajili ya Novemba hiyo, hata kabla ya kununua nguo za mtoto.

Kuhusu malazi sitasema mengi. Hosteli nyingi za chuo hazipokei mtoto mchanga, na kubebana kitanda kimoja ukiwa na mimba ya miezi saba ni kujitesa. Kama uko kitanda cha juu, omba cha chini leo. Kama unafikiria geto, chumba cha kupanga mtaani, litafute lenye choo karibu, maji yasiyokatika wiki nzima, na mwenye nyumba anayejua kwamba mtoto anakuja. Wapo wanaopangisha mwanafunzi kwa furaha na kumtoa siku anaposikia kilio cha kichanga.

Kliniki sasa. Uliniambia umefanya altrasaundi, hukuniambia umeanza kliniki. Anza wiki hii. Mwongozo unataka hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12, umeshachelewa kidogo, na kwa jumla unatakiwa uonwe si chini ya mara nane. Utapimwa wingi wa damu, presha, mkojo, VVU, kaswende na malaria, utapewa vidonge vya madini chuma na foliki, sindano ya pepopunda, chandarua, na kuanzia miezi ya kati dawa ya SP ya kuzuia malaria. Kliniki nyingi zitakutaka uje na mwenza. Mwambie aje, ni jambo jema naye apime. Ila asipokuja usikubali kurudishwa nyumbani. Huduma ni yako. Kama una kadi ya bima ya mwanafunzi, pita dirisha la bima la hospitali utakayojifungulia ukaulize wanalipia nini kwenye uzazi na upasuaji. Huduma ya uzazi kwenye vituo vya serikali kisera haina malipo, lakini kila mwanamke aliyezaa hapa nchini anajua anaambiwa aje na mpira wa kulalia, glovu, pamba, nyembe, kibanio cha kitovu, beseni na khanga zake. Vinunue kidogokidogo kwa kila bumu.

Sasa jambo ambalo wanafunzi hulikosea kuliko wanawake wengine. Mimba ya kwanza ndiyo inayoongoza kwa presha ya ujauzito na kifafa cha mimba. Dalili zake ni kichwa kuuma sana, macho kuona ukungu au vimulimuli, maumivu juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba. Mwanafunzi akipata hizo mwezi wa Mei anasema amesoma sana usiku, anameza panadol, anaendelea na majaribio. Ukiona mojawapo, hasa baada ya wiki ya 20, nenda hospitali siku hiyohiyo ukapimwe presha na mkojo. Vivyo hivyo ukitokwa damu, chupa ikipasuka, homa ikipanda au mtoto akipunguza kucheza. Mwenzako wa chumba awe na namba ya bajaji anayefika usiku na ajue kadi yako ya kliniki iko mfuko gani.

Nije kwa baba wa mtoto. “Tusubiri” ya kijana wa mwaka wa tatu huwa ina maana nyingi, na nyingine ni za woga tu. Usijenge mpango wako juu ya ndoa ambayo hajaitamka, wala usimfukuze kabla hujampa kazi. Mpe kazi zenye tarehe: kliniki tarehe fulani, sehemu ya bumu lake kila awamu, kwenda kwa watu wake kuwaambia kabla ya Pasaka. Akitimiza, utajua. Na litazame hili: Julai anamaliza chuo, Septemba atakuwa hana ajira kama wahitimu wengi. Hiyo maana yake ana muda. Saa tatu unazokaa chumba cha mtihani, yeye anaweza kukaa nje kwenye kivuli na mtoto na kikombe cha maziwa. Sioni aibu yoyote hapo.

Akikana au akitoweka, sheria haikuachi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inawapa wazazi wote wawili wajibu wa kumtunza mtoto, wawe wamefunga ndoa au la. Unaanzia kwa afisa ustawi wa jamii wa halmashauri, ambaye huwaita wote wawili wazungumze. Msipoelewana, ombi la matunzo linakwenda mahakamani, na linaweza kufunguliwa hata kabla mtoto hajazaliwa. Mahakama hutazama kipato, kwa hiyo kwa mtu asiye na ajira usitarajie fedha nyingi. Faida kubwa mwanzoni ni kuwa na ubaba ulioandikwa. Tunza ujumbe wake wa simu ambamo hajaikana mimba. Zanzibar wana sheria yao ya mtoto ya mwaka 2011, nasema kwa wasomaji wa huko. (Na kama kwa binti mwingine anayesoma hapa baba ni mhadhiri aliyebadilisha alama kwa mwili, hilo ni kosa la rushwa ya ngono chini ya kifungu cha 25 cha sheria ya TAKUKURU, taasisi ya kuzuia rushwa, ya 2007. Asiishie ofisi ya idara, wala asikubali kumalizwa kienyeji.)

Nyumbani. Wazazi wa Iringa unawajua wewe kuliko mimi. Ushauri wangu ni wa mpangilio. Maliza mitihani ya Februari kwanza. Vurugu ya nyumbani ikianza sasa itakufuata mpaka chumba cha mtihani. Kisha likizo fupi nenda mwenyewe, usiseme kwa simu. Pitia kwa shangazi au mama mdogo yule ambaye baba humsikiliza, akuingize. Na uingie na almanaka mkononi: mitihani ya kwanza nimefanya, hii ndiyo barua ninayokwenda kuandika, mwezi wa sita nakuja kujifungulia hapa, wa tisa narudi kufanya mitihani, mwakani namaliza. Mzazi anayeambiwa “nina mimba” peke yake anaona chuo kimekwisha na ada ya miaka yote imekwenda na maji. Atagomba, na ana haki ya kugomba, lakini atakuwa na kitu cha kushika akishapoa. Baba akisema upelekwe kwa kijana ukaolewe kesho, mwache shangazi afanye kazi iliyompeleka. Posa haina tarehe ya mwisho kama mitihani.

Safari ya kutoka Dodoma kupitia Mtera ifanye kabla ya wiki ya 36, yaani kabla ya katikati ya Juni, baada ya jaribio la mwisho. Shuka basi linaposimama, tembea, kunywa maji. Kadi ya kliniki iwe mkobani, si kwenye begi la buti.

Mtoto akishazaliwa, kuna jambo sheria ya nchi inalikubali kwa mfanyakazi lakini mwanafunzi hana. Mwajiriwa ana siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na haruhusiwi kufanya kazi ndani ya wiki sita za kwanza mpaka daktari athibitishe anaweza. Karani anayepokea barua yako ana haki hiyo. Wewe unayeiandika una kanuni za mitihani tu, na huruma ya atakayezisoma. Nawaambia wakubwa wa vyuo kila nikipata nafasi, narudia hapa: andikeni kifungu kimoja cha mwanafunzi mzazi, na pale zahanati ya chuo tengeni chumba kidogo chenye kiti, maji na mlango unaofungwa. Nimeona vyuo vikikosa chumba hicho huku vikiwa na vyumba viwili vya kuhifadhi viti vya mahafali.

Wiki sita za kwanza usifungue daftari ukajihukumu kwa kutosoma. Ukilia siku chache za mwanzo bila sababu, hiyo ni kawaida. Ukipita wiki mbili bado huna hamu ya kitu, huwezi kulala hata mtoto akilala, au mawazo yanakwambia umdhuru mtoto au ujidhuru, mwambie mama na mrudi kituo cha afya siku hiyo. Ni ugonjwa, unatibika, na hautokani na laana ya kuzaa nje ya ndoa kama jirani atakavyonong'ona. Ukirudi kliniki ya wiki sita uliza kuhusu uzazi wa mpango. Kijiti au kitanzi unaweza kuwekewa hata kabla hujatoka wodini, na unaweza kuendelea kunyonyesha. Nimewaandikia barua za kuahirisha mabinti waliorudi ofisini kwangu na mimba ya pili kabla ya fildi, sitaki uwe mmoja wao.

Septemba utarudi Dodoma na mtoto, si bila yeye, kama njia yoyote ipo. Anatakiwa anyonye maziwa yako peke yake mpaka miezi sita, na maziwa ya kopo ni ghali, yanataka maji safi na moto kila baada ya saa chache. Jifunze kukamua kwa mkono kuanzia wiki ya nne. Kamulia kwenye chombo chenye mfuniko kilichochemshwa, na kwa joto letu, kama hakuna friji, yatumike ndani ya saa nne. Anyweshwe kwa kikombe. Chupa na chuchu zake ni ngumu kusafisha kwenye geto. Ukipata mama au mdogo wa mama akaja nawe kwa majuma hayo ya mitihani, kodi ya chumba ni fedha iliyokwenda mahali pake.

Mwaka wa tatu ni suala lingine, na hapa watu wenye nia njema watakushauri umchukue binti wa kijijini. Usimtoe mtoto wa miaka kumi na mitatu shuleni ili wewe umalize shahada ya kufundisha watoto. Chini ya miaka 14 sheria inakataza kumwajiri, na hata akizidi hapo, kama bado anasoma, muache asome. Vituo vya kulea watoto mchana vingi huanzia miaka miwili, havitakusaidia bado. Kinachofanya kazi kwa wanafunzi wengi ni mama wa mtaani mtu mzima anayekaa nyumbani, mnayeelewana kwa siku na saa, karibu na chuo kiasi cha kwenda kunyonyesha kati ya vipindi. Chagua semina zako kwa kuangalia hilo. Mtoto akifika miezi sita na kuanza uji, mazungumzo ya kumpeleka kwa bibi Iringa kwa muda yanaweza kufunguliwa, nayo yawe na tarehe ya kumrudisha ambayo bibi mwenyewe ameikubali.

Usisahau cheti. Hospitali itakupa tangazo la kizazi. Mwandikishe ndani ya siku 90, na katika mikoa mingi sasa mtoto wa chini ya miaka mitano anapewa cheti bila malipo kwenye kituo cha afya au ofisi ya kata. Baba akiwepo, aende nawe jina lake liandikwe.

Fanya la kliniki wiki hii, la kitanda cha chini leo, barua mwanzoni mwa Machi. Chuo kikikataa, omba wakatae kwa maandishi, kisha nitumie picha ya barua hiyo ukiwa umefunika jina na namba yako ya usajili. Sababu waliyoiandika ndiyo itakayotuonyesha rufaa iende kamati ya mitihani, seneti au TCU, tume inayosimamia vyuo vikuu.